Mstari wa Rula Kwenye Mkono wa Goreti

Sifa zote ni zako, Mungu Baba, uliyefunga mfupa na mfupa tukiwa bado tumboni mwa mama zetu, ukatupa vidole vya kushika na viwiko vya kukunja. Ulinishika kutoka Uvira hadi Rubondo, ukaniacha nizeeke nikiwa na macho ya kuona na akili ya kukumbuka. Ninayoandika hapa yawe ya kweli. Na kama kuna la kujivunia ndani yake, liwe lako.

Sasa, wanangu, kabla hatujaenda mbali, nyoosha mkono. Ndiyo, wewe unayesoma. Geuza kiganja kitazame juu. Gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho, halafu kunja kifundo cha mkono kidogo kuelekea kwako. Hapo katikati ya kifundo utaona kamba imesimama chini ya ngozi kama uzi uliovutwa. Hiyo ni kano. Kama huioni, usikimbilie kituo cha afya, Mungu hakukusahau. Watu wengine hawana, wengine wanayo mkono mmoja tu, na wanalima na kupika na kupiga ngoma kama wenzao. Kazi yake ni ndogo mno hata mtu anaweza kuishi mpaka uzee bila kujua kama anayo.

Mimi nimekula mkate kwa ajili ya kamba hiyo. Hata sasa nimestaafu, mtu akinipa mkono mlangoni mwa kanisa, jicho langu linashuka lenyewe hadi kwenye kifundo. Mke wangu hunikanyaga mguu. "Papa, salimia batu, usibapime." Ninajaribu.

Jina langu kazini lilikuwa Papa Kine. Kwetu Kongo, Kivu ya Kusini, kine ni mtu anayerudishia viungo nguvu: anakunja, ananyoosha, anafundisha mguu kutembea upya. Nilijifunza kazi hiyo Uvira, vita ikanifukuza, nikafika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na mke, watoto watatu na mikono yangu hii. Baadaye nikapata kazi katika hospitali ndogo ya kanisa upande wa Ruti, pale Mbarara. Walinichukua kama mkalimani, kwa sababu wagonjwa wa kambini walikuwa wengi na wauguzi hawakuwaelewa. Siku moja wakamkuta mkalimani amepiga magoti sakafuni ananyoosha mguu wa mzee mmoja wa Biharwe, na yule mzee anacheka badala ya kulia. Wakanipa koti jeupe. Tangu hapo nikawa nalala Ruti siku za kazi na kurudi Rubondo, kijiji chetu kambini, siku ya Ijumaa, mpaka nilipostaafu.

Mnaosomea uuguzi na kazi za viungo, nawaambia kwanza jambo nililofundishwa kwa aibu. Uvira nilikuwa na mwalimu, Papa Byamungu, mtu mfupi mwenye mikono kama koleo. Alileta golikipa aliyeanguka juu ya kiwiko chake, tukamfunga plasta. Papa Byamungu akaniambia, "Wiki mbili, halafu ufungue." Mimi nilikuwa kijana mjuaji. Nikajiambia, kama wiki mbili ni nzuri, nne ni nzuri zaidi. Nilipofungua, kiwiko kilikuwa kigumu kama mwiko. Kijana hakuweza kufikisha kijiko mdomoni.

Papa Byamungu hakunigombeza. Alichukua maji na plasta, akasema, "Kaa hapa." Akanifunga mkono wangu wa kulia, umenyooka, kuanzia karibu na bega.

"Mpaka lini, Papa?"

"Siku kumi."

"Na nitakula namna gani?"

"Muulize golikipa wako."

Jumapili kanisani, wimbo ulipopanda na watu wakainua mikono, wangu ulisimama mbele yangu kama wa mtu anayesimamisha gari barabarani. Mama mmoja wa kwaya alicheka mpaka akapoteza sauti. Plasta ilipotoka, nilikunja kiwiko kwa machozi, kidogo kidogo, siku baada ya siku. Tangu hapo sikusahau kwamba kiwiko hakipendi kufungwa. Goti litakuvumilia, bega litakunung'unikia, lakini kiwiko ukikifunga muda mrefu kinanuna, na kukibembeleza ni kazi ya miezi.

Yule golikipa alipona, Mungu ni mwema. Nilimkunja mimi mwenyewe, kila asubuhi, na hakunikosesha matusi hata siku moja.

Sasa tuje kwa watu wanaorusha. Mbarara tuliwapata vijana wa shule wanaorusha mkuki, na mara chache wa besiboli au mpira wa mikono. Mtu anayerusha vizuri, tazama mkono wake: kiwiko kinatangulia, kiganja kinabaki nyuma, halafu vyote vinafyatuka. Katika ule mfyatuko, upande wa ndani wa kiwiko unataka kufunguka kama mlango. Kinachouzuia ni ukanda mdogo unaofunga mfupa kwa mfupa, tunauita ligamenti. Ni mfupi kuliko kidole chako. Kila mrusho unauvuta. Ukirusha mara nyingi bila kupumzika, unachakaa kama kamba ya mbuzi inayosuguana na mti uleule kila siku. Siku moja inakatika, na mbuzi yumo kwenye maharage ya jirani.

Utamjuaje mtu wa namna hii? Usimuulize tu anaumwa wapi, maana atakuonyesha mkono mzima. Muulize ilikuwaje siku ile. Mwenye ligamenti iliyokatika anaikumbuka siku yenyewe, mrusho wenyewe, hata aliyekuwa amesimama karibu. Atakuambia alisikia kitu kinalia ndani. Atakuambia vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi, kwa sababu neva, yaani mshipa wa fahamu, inayopita pale ni jirani wa karibu mno. Halafu kunja kiwiko chake, shika kidole gumba chake, uvute taratibu kwa nje. Mtazame usoni, usiutazame mkono. Uso unasema mapema.

Zamani, tulipompata mtu kama huyo, tulimpa kitambaa cha kuning'iniza mkono, tukamwambia ausahau mkuki. Wengi walipumzika, wakaimarisha nyama za mkono, wakaishi vizuri, na bado hiyo ndiyo njia ya kwanza kwa mtu ambaye harushi. Lakini kwa mwenye kurusha, ukanda uliokatika kabisa haujishoni wenyewe. Ndipo Dokta Asiimwe alipokuja. Alikuwa Mnyankore mrefu, mama wa watoto wawili, aliyesomea upasuaji wa mifupa mbali huko na kurudi nyumbani na njia mpya. Anachukua ile kano ya kwenye kifundo, ile niliyokuonyesha mwanzoni, ambayo mwili hauna haja nayo sana. Anatoboa matundu madogo kwenye mifupa miwili ya kiwiko, anapitisha kano, anairudisha, anaikaza. Ukiwahi kuona mtu anavyofuma kamba ya kitanda, umeona nusu ya upasuaji huo. Kano inakaa pale, na kwa miezi mingi mwili unaigeuza kuwa ligamenti. Mimi nililiona hilo mara nyingi, na kila mara nilimshukuru, ndani ya barakoa yangu, aliyeupanga mwili hivyo.

Kazi yangu ilikuwa kushika mkono wakati wa upasuaji, na kabla ya hapo, kutafuta kano. Ni lazima itafutwe mgonjwa akiwa anaweza kugusisha vidole. Mkono ukishakufa ganzi kwa dawa, haukuonyeshi kitu. Nami nilikuwa na desturi yangu: sichori mstari mmoja juu ya kano, nachora miwili, mmoja kila upande, kama barabara, ili kisu kipite katikati. Na kwa kuwa mkono wangu umeanza kutetemeka tangu zamani, barabara zangu zilikuwa na kona. Dokta Asiimwe alizoea. "Barabara ya mzee," alikuwa akisema, "inapita milima ya Kabale kwanza."

Nilichelewa kuwaambia kwa nini inabidi kuchora kwa makini. Chini kidogo ya kano hiyo, katikati ya kifundo, inapita neva. Ni nyeupe, ni nyembamba, na kwa jicho lenye haraka inafanana na kano. Ukikata kano, mtu hapotezi kitu. Ukikata neva, kidole gumba hakitashika tena kalamu wala sindano wala punje ya maharage. Na kwa mtu asiyezaliwa na kano, unapofungua ngozi pale katikati, kitu cha kwanza kinachofanana nayo ni neva.

Shikeni hilo, sasa nawaletea Goreti.

Goreti alikuwa msichana wa Kirundi, jirani yetu Rubondo, mwembamba, mwenye bega pana na kimya kingi. Mama yake, Mama Goreti, alilima mahindi na kuuza nyanya, na hakukosa misa hata mvua ikinyesha mawe. Shule moja ya upande wa Biharwe ilimchukua Goreti kwa sababu ya mkuki. Si kwa sababu nyingine. Mwalimu wa michezo alimwona akirusha kwenye mashindano ya shule za msingi, akaja hadi Rubondo kuzungumza na mama, na nafasi ikapatikana: kitanda, vitabu, yunifomu, vyote vimefungwa kwenye mkono ule wa kulia. Mwaka wake wa tatu pale, kiwiko kikalia. Mwalimu alikuwa mkweli. Alisema nafasi ni ya mrushaji, shule itamngojea mpaka msimu ujao wa mashindano, zaidi ya hapo yeye hana uwezo.

Nilikuwa nimemvuta kidole gumba mimi mwenyewe, na uso wake ukaniambia. Dokta Asiimwe akakubali kumpasua.

Siku moja kabla, nilipita wodini kuchora. Nilikuwa na wagonjwa watano wa kuwaandaa na gari la Ijumaa la kurudi Nakivale akilini. Nikamwambia Goreti agusishe vidole, mkono wa kulia. Hakuna kitu. Nikamgeuza huku na huku, nikabonyeza, hakuna. Nikamwambia agusishe wa kushoto: kamba ikasimama wazi, nzuri, ndefu. Nikatoa kalamu yangu ya wino mweusi, nikachora barabara yangu kwenye kifundo cha kushoto. Nikamwambia, "Usifute hii." Mama yake alikuwa ameketi pembeni na rozari. Nikamwambia naye, "Mama, isifutwe." Nikaenda kwa mwingine. Kwenye faili sikuandika kitu, maana mchoro ulikuwa palepale mkononi, nani angeukosa?

Mnaona kosa? Mimi sikuliona.

Asubuhi niliitwa kwanza kumshika mtoto aliyekuwa akifungwa plasta. Nilipoingia chumba cha upasuaji, Goreti alikuwa amelala, macho wazi, mkono wa kulia umeshakufa ganzi kwa sindano ya begani, shuka limesimama mbele ya uso wake kama pazia. Mkono wa kulia umepakwa dawa ya kahawia kuanzia kwapani hadi vidoleni. Mkono wa kushoto umefunikwa kabisa. Nikashangaa kidogo, kwa sababu wa kushoto ndio tuliouhitaji. Nikajiambia, labda watauandaa baadaye. Nikashika mkono wa kulia, nikauinua kama kawaida.

Kwenye kifundo kulikuwa na mstari.

Ulikuwa mmoja. Ulikuwa wa bluu. Na ulikuwa umenyooka, wanangu, umenyooka kama pambizo la daftari. Nimezeeka nikichora juu ya watu, na sijawahi kuchora kitu kilichonyooka namna ile. Dokta alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea kisu.

"Dokta, ngoja."

"Nini, mzee? Kisu iko tayari."

"Huu mstari si wangu."

"Kama si yako, ni ya nani? Iko kwa mkono yenye iko mgonjwa."

"Si wangu. Wangu una kona."

Muuguzi mmoja akakohoa kwenye barakoa yake. Dokta hakucheka. Aliinama, akautazama ule mstari, akaweka kisu chini, mbali naye. Nikazunguka nikaenda upande wa kichwa, nyuma ya pazia.

"Goreti, binti yangu, nani alichora huu mstari?"

Sauti ndogo ikajibu: "Ni miye, Papa."

"Kwa nini?"

"Mama aliona mulikosea mukono. Wenye kuuma ni wa kuume, na nyinyi mulikuwa mulichora wa kushoto. Akasema tusibapatishe haya mbele ya batu. Tusahihishe tu pole pole."

"Na ile yangu?"

"Tuliosha na sabuni, na maji ya baraka. Halafu nikachora ingine fasi yake, ku mukono wa kuume."

"Na rula?" aliuliza Dokta kutoka upande wa pili.

"Ndiyo, Dokta. Ili ikuwe safi."

Hapo watu walicheka kwa kweli, na mimi nilicheka pia, lakini si kwa muda mrefu. Maana chini ya ule mstari safi wa rula hakukuwa na kano. Kulikuwa na neva peke yake.

Dokta akafunua mkono wa kushoto mwenyewe. "Goreti, leta kidole kubwa kwa kidole ndogo. Hivyo. Kunja." Kamba ikasimama. Pembeni yake bado palionekana kivuli cha barabara yangu, imefifia kwa sabuni. Dokta akaichora upya kwa mkono wake, akamwita mwenye sindano autie ganzi na huo mkono, na kazi ikaanza. Kabla ya kupokea kisu, alisema kwa sauti ya kawaida, "Mzee, tuombe." Si desturi yake. Nikaomba kwa maneno machache.

Kano ilikuwa nzuri. Ilipita matundu yote kama uzi kwenye sindano.

Baada ya hapo Dokta alinivuta kwenye ukumbi. Aliniuliza swali moja.

"Mzee, ulimweleza huyu mama kwa nini unachora mkono yenye haiumi?"

"Nilimwambia asifute."

"Hiyo si kueleza. Hiyo ni kuamrisha." Halafu akashusha pumzi. "Na mimi nilipaswa kuangalia kidole yake kabla ya sindano. Sisi wote wawili."

Nikaenda kwa Mama Goreti. Alikuwa kwenye benchi nje, chupa ya maji ya baraka mapajani. Nikakaa karibu naye nikamweleza kila kitu, kama ninavyowaeleza nyinyi, nikautumia mkono wangu mwenyewe. Nikamwonyesha kamba. Nikamwonyesha neva inapopita. Alitazama, akatazama kifundo chake, akagusisha vidole. Alikuwa na kamba mkono mmoja tu, wa kushoto, kama binti yake. Akaweka kiganja mdomoni.

"Yesu wangu. Mimi ndiye nilitaka kumulemaza."

"Hapana, mama. Kosa ni langu. Ungejua, usingefuta."

"Papa Kine, nisikilize. Ku liste ya shule ya kambi, Goreti alikuwa aliandikwa kati ya bavulana. Nilienda mara ngapi kubaambia? Banasema, rudi kesho. Mwisho nilichukua kalamu miye mwenyewe, nikasahihisha, na hakuna aliyeuliza. Sisi tumezoea hivyo. Batu ba ofisi bana kazi mingi, banachoka, banakosea. Ukisema kwa sauti, banakasirika. Unasahihisha tu, kwa heshima."

Na mimi ni mkimbizi. Nami nimesahihisha karatasi zangu kwa kalamu yangu. Niliujua mwendo huo toka zamani, ila nilikuwa nimevaa koti jeupe na kusahau kwamba mbele ya macho yake mimi nilikuwa ofisi.

Hili ndilo ninalotaka mlichukue, hata mkisahau matundu na neva. Mgonjwa anayenyamaza si lazima awe amekubali. Huenda anakuhurumia. Huenda ameshaamua kukusahihisha. Mwambie sababu, halafu mwombe akurudishie kwa maneno yake. Tangu siku ile, hakuna niliyemchora bila yeye mwenyewe kumweleza mama au baba yake, mbele yangu, kwa nini mchoro uko pale ulipo. Tukaandika kwenye faili, na Dokta akatia sahihi pembeni ya mchoro, na kila mgonjwa aligusisha vidole mbele ya Dokta kabla ya sindano. Inachukua dakika chache. Nimewahi kulikosa gari la Ijumaa kwa ajili ya dakika hizo, na sikufa.

Mengine yalikuwa kazi ya kine, yaani uvumilivu. Siku za kwanza Goreti alikaa na gango la kushikilia kiwiko, lakini vidole vilifanya kazi tangu asubuhi ya pili: mpira wa soksi kuukuu, minya, achia, minya, achia. Halafu kukunja kiwiko kwa kipimo, kila wiki kidogo zaidi. Nilimwonyesha mazoezi ya bega na ya tumbo, maana anayerusha kwa mkono peke yake ataumia tena. Nilimkataza bidoni, lile dumu la maji. Kutoka bombani hadi nyumbani, bidoni iliyojaa inakivuta kiwiko kama mikuki mia moja. Kwa hiyo Mama Goreti akawa anachota maji mwenyewe, na majirani walipouliza kwa nini binti mkubwa anatembea mikono mitupu, alisimama njiani na kuwaeleza kano, mfupa na matundu, mpaka ndoo ikamchosha kichwani. Rubondo yote ilijua upasuaji ule. Hata katekista aliwahi kunionyesha kifundo chake.

Mwezi wa tatu ndio hatari, andikeni hilo. Mkono hauumi tena, mgonjwa anajiona mzima, na kano ndani bado ni laini. Mbuzi wa jirani aliingia kwenye mahindi, Goreti akaokota bonge la udongo kabla hajafikiri, akarusha. Mbuzi alipigwa barabara, ubavuni. Mama Goreti alikuja kwangu mbio, kitenge kinaburuta.

"Papa Kine! Amerusha! Mbuzi amekimbia, lakini mukono je?"

Nilikwenda shambani, nikamvuta Goreti kidole gumba, nikamtazama usoni. Uso ulikaa kimya. Tulishukuru Mungu pale pale, katikati ya mahindi. Tangu siku hiyo, Goreti akiwa shambani mama alimfunga mkono wa kulia kifuani kwa kitenge, na wenzake wakamwita Mama Mtoto. Alivumilia.

Tulianza kurusha kwa soksi, kutoka mlangoni hadi ukuta wa jiko. Halafu mpira mdogo. Halafu fimbo. Nilipanga mawe njiani kuelekea kanisani, na kila wiki nilisogeza jiwe moja, sikusogeza mawili hata alipoomba. Karibu mwaka mzima ulipita namna hiyo.

Msimu ulipofika, tulikwenda Biharwe sote watatu. Mwalimu wa michezo alikuwa amepigilia kigingi mahali mkuki wa Goreti ulipokuwa ukifika zamani. Hakusema kitu kibaya, wala kizuri. Aliweka daftari lake la majina kwapani akasubiri.

Mrusho wa kwanza ulianguka kabla ya kigingi, ubavu, kama fimbo ya mchungaji. Nilijua kwa nini. Alikuwa ameuficha mkono. Bega lilienda, tumbo lilienda, kiwiko kilibaki nyuma kikiogopa. Nilimwendea.

"Unaogopa nini?"

"Isikatike, Papa."

"Niambie, kamba iliyo ndani ilitoka wapi?"

"Ku mukono wa kushoto."

"Kwa nini wa kushoto?"

"Kwa sababu wa kuume haukuwa nayo. Kulikuwa neva tu."

"Na ni nani aliyeikaza?"

"Ni Dokta. Na wewe ulikuwa ukishika. Na mama alikuwa akiomba."

"Basi, sisi watatu tumeshamaliza kazi yetu. Kiwiko mbele."

Alirudi nyuma, akavuta pumzi, akakimbia. Sikuutazama mkuki. Niliutazama uso wake wakati mkono unafyatuka, na uso haukusema kitu, ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayepokea ekaristi. Nikasikia mama akipiga kigelegele ndipo nikageuka. Mkuki ulikuwa umechoma ardhi hatua mbili mbele ya kigingi, umesimama, unatetemeka.

Mwalimu alitoa daftari kwapani, akaandika jina. Nilisogea kidogo kuona. Alikuwa amemwandika kati ya wasichana.

Mama Goreti alikuwa ameshafika kwa binti yake, chupa ya maji ya baraka mkononi, kifuniko kimetoka. Akasimama. Akanigeukia, na uso wake ulikuwa na utundu ambao sikuwahi kuuona.

"Papa Kine, niambie kwanza. Leo ninaosha mukono gani?"

"Yote miwili, mama," nilisema. "Na unirushie na mimi."

Akanirushia. Sisi wa kanisa letu hatuna maji ya baraka, lakini sikuyafuta.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu aibariki mikono yako, wa kulia na wa kushoto, ulio na kamba na usio nayo. Akupe jicho la kuona mstari usio wako, ulimi wa kusema ngoja, na subira ya kukaa kwenye benchi ukieleza mpaka aliye mbele yako aelewe. Na wote utakaowagusa wainuke wazima. Amina.